Baba Kwenye Ghorofa ya Mama Mikate

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na wale watoto wasumbufu ninaowakumbuka kila siku. Sisi huku tuko salama. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua uliposikia habari za mto kufurika, chakula hakikupita kooni.

Mvua ilinyesha mfululizo mpaka tukaizoea. Alfajiri moja nikasikia sufuria zinagongana jikoni, nikadhani ni paka. Kumbe maji yameshaingia na sufuria zinaelea. Nikamwamsha baba. Unamjua baba yako: akasema mto huu anaujua tangu utotoni na haujawahi kumfukuza, akapanda juu ya meza yake ya kutengenezea saa, akakunja miguu, akatulia. Nilimbembeleza mpaka sauti ikakauka.

Aliyemtoa ni Mama Mikate, yule jirani mjane mwenye tanuri chini na vyumba ghorofani. Alichungulia dirishani akapiga kelele, "Mzee, hizo saa hazijui kuogelea, na wewe hujui! Panda huku kabla sijashuka kukubeba mgongoni mtaa mzima ukiona!"

Baba akapanda.

Tulikaa kule juu familia nne, tumebanana, kwa zaidi ya wiki. Tanuri lilizama, lakini Mama Mikate alikuwa amewahi kupandisha magunia ya unga, basi akawa anaoka kwenye jiko la mkaa. Na unadhani nani alikuwa anamkandia unga? Baba! Yeye ambaye tangu mama afariki hajamenya hata kitunguu. Mkate wake wa kwanza ulitoka mgumu, Mama Mikate akasema tuuweke tutajengea ukuta. Baba akacheka, dada, akacheka mpaka akafuta machozi. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu tumzike mama.

Sasa maji yameshuka. Ukuta wa jikoni umeanguka kweli, magodoro yote yameoza, na tope bado tunalizoa. Mtaani kwetu hakufa mtu, ila fundi viatu wa kule chini nyumba yake imekwenda yote. Analala shuleni na wanawe, na baba na Mama Mikate ndio wanaompelekea mkate kila jioni.

Nifike kwenye jambo lenyewe. Baba anataka kumwoa Mama Mikate.

Aliponiambia nilinuna. Nilikufikiria wewe, uliyemwogesha mama na kumlisha kwa kijiko hadi mwisho. Nikamwuliza baba kama amemsahau. Akaniambia kwa upole, "Sijamsahau, mwanangu. Ila nimechoka kula bila mwenzangu nikitazama ukuta." Hasira ikaniisha palepale.

Mimi nimeshakubali, lakini amesema bila kauli yako hafungi ndoa. Anaogopa kukuandikia mwenyewe. Hivi sasa yuko nyuma yangu anajifanya anafagia, na hapo anapofagia pameshang'aa.

Mama Mikate anakusalimu sana. Amenikataza kukushawishi, nami sikushawishi, nakuomba tu uje uwaone wanavyogombania chumvi. Ukija, vaa viatu vya mpira.

Mkumbatie shemeji na watoto kwa niaba yetu.

Mdogo wako akupendaye.

Mwanangu, kalamu nimemnyang'anya. Ukikataa nitaelewa. Lakini usikatae.
Baba.