Kadi ya Nalongo

Alhamisi, Wandegeya

Na bado watu wanamsifu Baba kwa busara! Alipostaafu udaktari kule kijijini, mwenye lori alitaka pipa zima la petroli ili azilete kadi za wagonjwa huku hospitalini kwetu, na hakuna ofisi iliyokubali kulipa. Baba akamkabidhi kila mgonjwa kadi yake, aje nayo mwenyewe.

Leo Nalongo mmoja alifika mezani kwangu, masjala, mikono mitupu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikuwa ameichomoa kadi kikapuni mwake. "Barua ya nani hii? Soma!" Mwandiko wa Baba nani auweze? Walimweka juani mpaka jioni. Walipomwachia na kadi yake, akafika kwa dada yake, akaitia motoni kwa hofu ya kizuizi kingine.

"Kuna sindano moja nusura iniue, mwanangu," aliniambia. "Daktari aliiandika kwa wino mwekundu. Jina lake sikulishika."

Niliwakasirikia askari, nikamkasirikia na Baba. Kisha nikajipa moyo: si yuko nyumbani? Nitamuuliza.

Nimemuuliza wakati wa chai, hii chai yetu isiyo na sukari.

"Nalongo yupi?"

Kule kila mama wa mapacha ni Nalongo. Nikamweleza kovu la shingoni, na wale mapacha wa kiume. Akatikisa kichwa.

"Niliandika ili nisilazimike kukumbuka, mwanangu."

Mguu wa Nalongo yule umeoza, hauwezi kungoja. Kesho saa tatu asubuhi anarudi kuchomwa sindano.