Uliandika Kora, Nikasema Umekosea

Shangazi,

Barua hii nimeianza mara kadhaa, na kila mara nimeishia kwenye salamu. Mtu akiwa na aibu, hata shikamoo inamkwama. Shikamoo, basi. Ungekuwepo ungeitikia bila kuinua macho kwenye cherehani, halafu ungeniuliza nimekula nini mchana, na mimi ningedanganya.

Nianze na habari njema, kwa sababu za kunifedhehesha zitakuja zenyewe. Ateriye yako, hiki chumba chako cha kushonea hapa Nyamirambo, ipo. Mwenye nyumba hajatusumbua. Hawa, yule mwanafunzi wako, ndiye mwenye funguo, anafungua asubuhi kabla hata wauza chapati hawajawasha moto, na wale wasichana wengine wanamtii ingawa wanamnung'unikia. Tepu yako ya kupimia anaivaa shingoni kama ulivyoivaa. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Wanakizunguka, wanakipangusa vumbi, wanaweka juu yake vitambaa vilivyopigwa pasi. Mama anayeuza vitenge ng'ambo ya barabara bado anavuka kutuuliza kama tumeamka salama, na akishajibiwa anabaki amesimama pale mlangoni.

Sasa yale masomo yako.

Unakumbuka ulivyoanza kuyarekodi. Kifua kilikuwa kimeshaanza kukusumbua, na ulijua Hawa anasoma kwa shida, anafuata maneno kwa kidole, lakini akisikia kitu mara moja hakimtoki. Ukawa unaweka simu kando ya cherehani na kuongea huku ukishona: namna ya kukata kola, namna ya kutia marinda, namna ya kupima suruali ya mtu mwenye tumbo bila kumvunjia heshima. Halafu ukaenda kwenye yale mafunzo ya kompyuta ya akina mama, pamoja na umri wako, pamoja na mimi kukutania, ukarudi na ukurasa wako mwenyewe. Majina ya masomo yamepangwa kwa rangi ya bluu. Ukibonyeza jina, sauti inatoka. Ulinipigia simu nikiwa kazini, ukaniambia, "Njoo uone, mwana wa kaka. Nabonyeza hapa, naongea mimi mwenyewe."

Nikaja. Na mimi, badala ya kusikiliza, nikasoma.

Ulikuwa umeandika kora. Ulikuwa umeandika malinda, brauzi, surwari. Nikakurekebisha mbele ya wasichana wako. Nikasema Shangazi, ni kola, na hayo ni marinda, malinda watu watadhani umeweka walinzi kwenye sketi. Ulicheka. Ulicheka kweli, mpaka ukashika ubavu, ukasema, "Wewe umerudi kutoka Mwanza na Kiswahili cha redio." Nikajua yamekwisha. Tukanywa chai yako ya tangawizi, nikapanda moto, hizi pikipiki za abiria, nikarudi kazini, na sikulifikiria tena jambo hilo mpaka ulipokufa.

Ulipokufa nikataka kufanya jambo la maana. Kila mtu alikuwa anasema ihangane, ihangane, vumilia, na mimi nilitaka kitu cha kushika mikononi. Kompyuta yako ni ile moja, nzito, inaamka kama mgonjwa, na wasichana wanapanga foleni kukusikiliza. Nikatafuta kompyuta nyingine ya mkononi, nikaigeuza kuwa seva ndogo ya ateriye, ili kila msichana aufungue ukurasa wako kwenye simu yake kupitia mtandao wa humo ndani, akae kwenye cherehani yake akusikie. Nikahamisha ukurasa. Nikahamisha sauti zote. Nikaita watu. Nilijiona, Shangazi. Kijana wa masenge, wa shangazi yake, fundi wa kompyuta, kawaletea maendeleo.

Wakati huo walikuwa wamepata kazi kubwa, nguo za wasindikizaji wa bibi harusi mmoja wa Kinyinya, blauzi zenye kola ngumu ya kusimama. Hawa akataka somo la kola. Akabonyeza.

Kimya. Haikutoka sauti, halikutoka onyo, hata kijiduara cha kuzunguka hakikutokea. Akabonyeza lingine, hivyo hivyo. Wakanigeukia mimi.

Nikachungulia majina ya faili zako. Kwenye ukurasa pameandikwa kola, kwenye faili pameandikwa kora. Pale pameandikwa marinda, huku malinda. Nikatabasamu. Kulikuwa na mteja mmoja kutoka Kanombe amekuja kuleta suruali ya mwanawe ipunguzwe, naye akawa anasubiri jibu la mtaalamu. Nikasema kwa sauti, mbele yao wote, "Ni Shangazi huyu. Amechanganya l na r, kompyuta imemkataa." Mteja akacheka. Wasichana wawili watatu wakacheka kwa adabu, kwa sababu mimi nilikuwa nacheka. Hawa hakucheka. Aliendelea kukunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa.

Nikakaa kwenye kona yako nikaanza kukusahihisha. Kora nikafanya kola. Malinda nikafanya marinda. Surwari, brauzi, chelehani, mikono milefu, zote nikazinyoosha, faili moja baada ya nyingine. Sitakuficha, nilikuwa naona raha. Nilipomaliza nikabonyeza, na kimya kikawa kile kile.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikawaambia wasichana kwamba labda uliziharibu faili wakati wa kuzihifadhi, na kwamba nitaona la kufanya nikipata nafasi. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nafasi sikuitafuta siku nyingi, Shangazi, na wewe unajua mtu anayesema nikipata nafasi anamaanisha nini.

Kumbe nimeacha ugonjwa ndani ya nyumba. Hawa alikuwa na desturi uliyomfundisha wewe, ya kubandika karatasi kwa pini kwenye kila nguo: jina la mwenyewe na aina ya nguo. Akaacha. Akawa ananitumia picha za vitambaa kwa simu, ananiomba nimwandikie majina, nimtumie, yeye anakili. Nilidhani ana kazi nyingi. Suruali ya yule mtoto wa Kanombe ikapunguzwa kwa vipimo vya mtu mwingine kwa sababu haikuwa na karatasi. Halafu zile kola za Kinyinya. Alizikata kwa kukumbuka, ya kwanza ikavuta shingoni, akaifumua, akaikata upya, ikavuta tena. Nilipita jioni nikamkuta amekaa chini sakafuni na vipande vimemzunguka. Nikamuuliza shida ni nini. Akanijibu bila kuniangalia, "Kaka, kama alikuwa anakosea kuandika, labda na haya aliyonifundisha ni makosa."

Shangazi.

Sijui nikuandikieje hilo. Miaka yote uliyokaa na mtoto yule, ukishika mkono wake juu ya mkasi, nami nikaja na mzaha mmoja nikamtia shaka juu yako. Nilitoka nje nikasimama penye pikipiki za moto, nikawa najifanya nasubiri mtu.

Nikarudi ndani. Nikawasha kompyuta yako ile nzito, nikitafuta kama kuna nakala nyingine ya sauti ambayo haijaharibika. Faili za humo nazo nilikuwa nimezibadilisha majina, maana nilipokuwa nasahihisha nilisahihisha kila mahali, nisiache doa. Nikaufungua ukurasa wako kama ulivyokuwa unaufungua wewe, humo humo kwenye kompyuta, bila seva, bila mtandao. Nikabonyeza kola. Na safari hii haikuwa kimya. Kivinjari kiliniambia faili haipo, na kikanionyesha jina la faili iliyokuwa inatafutwa. Kora.

Neno lile lile nililokuwa nimelifuta.

Nikafungua tumbo la ukurasa, mahali ambapo mtu wa kawaida haoni. Juu, penye kuonekana na macho, uliandika kola, marinda, blauzi, suruali, kila neno kwa Kiswahili changu cha redio. Chini yake, kwenye anwani ambazo kompyuta peke yake inazisoma, umeacha kora, malinda, brauzi, surwari, na kila anwani ilifanana na faili yake herufi kwa herufi. Hakuna hata moja iliyopotea njia. Nikaelewa. Siku ile nilipoondoka baada ya chai ulirudi ukakaa ukasahihisha yale yanayoonekana, ili mgeni akija asikucheke tena kama mimi. Ya ndani hukuyagusa kwa sababu yalikuwa hayana kosa. Na wewe ulicheka mbele yangu. Ulishika ubavu.

Basi kosa liko wapi? Nikairudia seva yangu, nikafungua lile dirisha ambalo kivinjari kinaandika malalamiko yake kimya kimya, na mstari mwekundu ulikuwa pale, ulikuwa pale tangu siku ya kwanza. Kivinjari kimezuia, hakiruhusu ukurasa uliotoka kwenye mtandao kufungua faili iliyo ndani ya kompyuta. Ni ulinzi wa kawaida. Ukurasa wa mtandao ni mgeni, na mgeni wa sebuleni haruhusiwi kuingia chumbani kufungua kabati. Ulipokuwa unaufungua ukurasa wako kutoka humo humo ndani, ulikuwa mtu wa nyumbani, ukapita. Mimi nikautoa nje nikaupitisha kwenye seva, ukageuka mgeni, nao mlango ukafungwa. Mimi ndiye niliyeufunga.

Na kinachoniunguza ni hiki. Kazini wananijia na jambo hilo hilo. Mtu analalamika kwamba viungo vyake vya faili vimekufa, havisemi kitu, na mimi kabla hata sijakaa ninamwambia tuangalie mipangilio ya ulinzi ya kivinjari. Ninalijua. Ningelijua nikiwa nimesinzia. Kwa mtu nisiyemfahamu ninakagua kivinjari kwanza. Kwako wewe, dada wa baba yangu, uliyenipokea Nyamirambo na sanduku langu moja na kunipa kitanda chako, nilikagua ulimi kwanza.

Kutengeneza hakukuwa kazi. Mwanzoni nililegeza ule ulinzi kwenye simu ya Hawa na kwenye ile seva, halafu nikaona haya mara ya pili, maana wasichana wanafungua kila kitu humo na nisingependa mgeni mwingine aingie chumbani kwa sababu yangu. Nikaurudisha. Nikaziweka sauti zako pamoja na ukurasa kwenye folda moja ya seva, nikazielekeza anwani huko, ili zote ziwe za sebuleni. Ila kwanza nilirudisha majina. Kompyuta ingeweza kuyarudisha yenyewe. Sikutaka. Niliyaandika kwa vidole vyangu moja moja, nikiyatamka, na kidole kilikuwa kinakimbilia l, nakifuta, naandika r. Kora. Brauzi. Nilikuwa nalia, na sioni kwa nini nikufiche.

Kesho yake ukaongea. Hawa alibonyeza, na sauti yako ikajaa ateriye: "Kora ya kusimama. Usivute kitambaa, wewe. Ukikivuta, kitamvuta mwenye shingo." Nyuma yako adhana, na mtu anapiga honi, na kile kikohozi chako ulichokuwa unasema ni vumbi la pamba. Cherehani zote zilinyamaza. Mama wa vitenge akavuka barabara bila kuangalia magari.

Nikasimama pale penye kiti chako nikawaambia. Nikasema, "Shangazi hakukosea popote. Kosa nililifanya mimi, nikamtupia yeye kwa kuwa hayupo kujibu." Hakuna aliyenifariji, na hilo niliona ni haki. Hawa akauliza kama anaweza kubonyeza tena, akasikiliza somo mpaka mwisho, akachukua mkasi. Blauzi za Kinyinya zilitoka. Kola zilisimama bila kuvuta.

Lakini sitaki nikumalizie kana kwamba yamekwisha. Hawa ameanza tena kuandika karatasi zake. Juzi nilipoingia alikuwa anaandika moja, na aliponiona akaifunika kwa kiganja. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kama mtu anayefunika sahani, nzi asije akatua. Nikageuka nikaangalia barabarani mpaka alipomaliza kuibandika, na sijui kama nitakuja kuona kiganja hicho kikiondoka.

Kwa hiyo ninakuahidi, na wewe ndiye wa kwanza kusikia. Hawa anataka kurekodi masomo yake mwenyewe, kwa wale wadogo. Majina atayaandika yeye, anavyoyasikia kinywani mwake, na mimi nitahakikisha tu kwamba yanafunguka. Akiniuliza neno linaandikwaje nitamjibu. Asiponiuliza, nitanyamaza. Na kiungo kikinikatalia siku nyingine, nitaanza kutafuta upande wangu.

Naenda, kuna kitambaa natakiwa kukipeleka kabla mvua haijashuka. Nisamehe kama huko kuna kusamehe wajinga.

Rara sarama, Shangazi.

Mwana wa kaka yako,
Rashidi