Upande Unaotazama Ziwa

Makobola, 12 Januari 1964

Mwanangu Hyacinthe,

Salamu nyingi. Hujambo huko Usumbura, au Bujumbura kama mnavyoiita sasa, na kifua chako je? Mimi niko mzima, ila magoti yameanza kunisema.

Mabati ya nyumba yangu yamefika, kumi na manne. Fundi Basile anataka paa lisimame kama la kanisa, nami naona hayatatosha. Nataka paa la kulala, la upande mmoja tu. Weye ni seremala, niambie liinamie vipi, na liinamie wapi.

Mama yako

Bujumbura, 2 Februari 1964

Mama mpenzi,

Nimefurahi kusikia u mzima. Kifua kimepona.

Kwa kila mita moja ya kwenda, paa lipande shubiri moja. Likilala zaidi ya hapo, maji yatasimama na kurudi ndani. Mpime kwa shubiri ya Basile, yako ni fupi. Bati limlalie mwenzake kwa migongo miwili ya mikunjo yake. Upande wa chini utazame ziwa. Ukiweka wa juu huko, upepo utaingia chini ya mabati na kuyang'oa.

Kazi ni nyingi. Pengine Pasaka nitakuja.

Mwanao

Makobola, 6 Aprili 1964

Mwanangu,

Unaendeleaje? Sisi tuko wazima, Pasaka tumekula bila weye.

Shubiri nimeifuata, upande nimeukataa. Basile alinuna: "Mama Hyacinthe, weye uko unaita upepo mu nyumba." Nikamwambia aongeze misumari. Ukuta mrefu unatazama ziwa, na dirisha lake ni kubwa. Alfajiri, nikiwa kitandani, maji na mbingu vinakuwa kitu kimoja, mitumbwi inaelea hewani, na katika kila mmoja nakuona umekaa. Mmoja ukigeukia huku, usingizi unaisha. Uliondoka mwaka wa uhuru, mwanangu. Nimekukumbuka sana.

Mama yako

Makobola, 20 Februari 1965

Mwanangu Hyacinthe,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Zako tatu zilifika pamoja, jirani yetu Capitoline alizivusha ndani ya kitambaa chake cha kichwa.

Waasi walipoingia Uvira mwezi wa tano mwaka jana, tulipanda milimani. Tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama, lakini upepo ulikuwa umebeba mabati matano. Ulisema kweli. Mvua inanyesha kitandani.

Basile ameokota matatu katika mihogo. Baada ya wiki mbili tutageuza paa, upande wa chini utazame ziwa kama ulivyotaka. Dirisha tutaliziba. Nimetazama mitumbwi mingi, macho yamechoka. Ubaki na kazi yako, sikulaumu.

Mama yako

Bujumbura, 27 Februari 1965

Mama,

Hali yako siiulizi, umeshaniambia. Barua nimeisoma karakanani, nikalia mbele ya wenzangu.

Msiguse paa. Hata likiinuka upande wa ziwa linasimama, mradi mbao zifungwe kwa waya mpaka kwenye msingi. Nililijua hilo tangu mwanzo. Ila ni kazi ya kufanya kwa mkono wangu, na sikutaka kuahidi kuja.

Nimepata mabati mawili na waya. Mtumbwi unatoka Alhamisi, Ijumaa alfajiri tutakuwa mbele yako. Dirisha lisizibwe.

Mwanao