Mlango Huu Hushikwa Kwapa

Mwanangu Mumbua,

Habari ya huko kwa baridi? Sisi huku tuko, tunasukuma siku. Barua hii sikuifunga kwa gundi. Mama Nduku, jirani yetu, ataipeleka isomwe kwa kina mama wa kanisa kabla ya kutumwa, kwa sababu wako wengi hapa wenye watoto ng'ambo, na lile swali uliloniuliza na wao wameulizwa. Wakisikia wasikie. Unajua nilifika darasa la tatu tu na mkono wangu umezoea jembe, kwa hivyo usicheke herufi zangu zikianza kupanda mlima.

Uliniuliza, "Mwaitu, mama yangu, nikuje nyumbani?" Ukasema ukija hutaweza kurudi huko tena, kwa vile karatasi zako hazijakaa sawa. Ukasema mimi ndiye wa kusema. Tangu siku hiyo ukipiga simu nakuambia habari ya mvua. Nakuambia kahawa imechanua, mara haijachanua, mara ng'ombe amekataa majani. Wewe unangoja na mimi nangoja simu ikatike. Nimechoka kukuambia habari ya mvua, mwanangu. Leo nataka kujibu. Lakini unanijua, siwezi kufika mahali bila kuanzia mbali.

Unakumbuka mlango wa jikoni ya zamani? Baba yako aliufanya kwa mbao za masanduku, na hakuwa na bawaba za chuma. Alikata tairi kuukuu ya gari, akapigilia misumari, hiyo ndiyo ikawa bawaba. Sasa tairi hulegea. Masika yakija mlango ulikuwa umeshuka, unakwaruza chini, na wewe unausukuma kwa bega na kibuyu cha maziwa mkononi, unalia kwa hasira. Baba yako akakuambia, "Mlango ni kama mtu mzee, Mumbua. Mtu mzee hasukumwi. Mshike kwapa, mwinue kidogo, atatembea mwenyewe."

Ukaingiza vidole pale chini ya ubao wa katikati, ukainua. Ukafunguka bila kelele. Siku hiyo ulifungua na kufunga, ukafungua na kufunga, mpaka moshi wote ukaisha jikoni na moto ukazimika. Nikakuuliza, "Wewe, utaolewa na mlango?" Baba yako akasema, "Afadhali mlango, haunywi pombe." Tulicheka sana. Hata sasa nikikumbuka nacheka, lakini nacheka nikiwa nimekaa.

Halafu ukakua. Ukaenda kushona kiwandani kule Athi River, ukawa unakuja mwisho wa mwezi na nyuzi zimekushika kwa nywele. Halafu ukaenda ng'ambo kufagia nyumba za watu. Nilikuwa naamka nikifikiria umekula nini, umelala wapi, ni nani anakutazama vibaya. Mpaka ile siku ulipiga simu na sauti mpya, ukasema kuna mzee anayetengeneza madirisha na milango, vitasa, hendeli, bawaba, na amekuchukua uwe fundi kama yeye.

"Huku madirisha ni ya vioo viwili, Mwaitu."

"Viwili vya nini? Kimoja kikivunjika?"

"Hapana. Ni ya kuzuia baridi. Katikati ya vioo wamefungia hewa."

"Hewa imefanya nini ifungwe?"

Ulicheka mpaka nikasikia mtu wa huko anakuuliza kwa Kizungu una nini.

Na baada ya muda hayo madirisha yakaja. Watu wa huko wanang'oa madirisha mazima kwa sababu wamechoka kuyaona, wewe ukayaokota, ukayafanyia hendeli mpya jioni ukitoka kazini, ukayatuma na mlango mmoja mweupe wa plastiki kwenye kontena la watu wa kwetu. Watu hujenga nyumba ndipo wanatafuta madirisha. Sisi tulikuwa na madirisha ndipo tukatafuta nyumba. Yalikaa msimu mzima yameegemea ghala, na yule jogoo mwekundu akijiona ndani anapigana naye mpaka mdomo unatoka damu. Baba yako akayafunika kwa magunia. Akasema, "Huyu jogoo atakufa kwa sababu ya mtu ambaye hayuko." Halafu akachukua kamba akayapima, na ukuta ukapandishwa kufuata ile kamba.

Aliona kuta. Hakuona mabati. Ile siku tulimzika, niliinua simu juu ili usikie wimbo, mkono ukachoka, Mama Nduku akanishika kiwiko mpaka wimbo ukaisha. Hujawahi kuniuliza ni nani aliyekuwa akipumua kwa nguvu kwenye simu. Alikuwa yeye, anashika mkono wangu.

Nikahamia nyumba yako. Ni nzuri, sitasema si nzuri. Hakuna vumbi. Hakuna mbu. Lakini Mumbua, hakuna sauti. Ule mlango ukishafungwa umefungwa. Mtu anasimama nje anaita hodi na mimi niko ndani nachagua maharagwe, sisikii. Watu wakaanza kusema mama Mumbua amekuwa Mzungu, anakuona kwa kioo na haitiki. Hata Mama Nduku alikaa siku nyingi bila kuja. Alipokuja akaniambia, "Mimi nimeita hodi mpaka ng'ombe wako akaitika."

Kisha mlango ukaanza kushuka. Wewe uliniambia jua ndilo linaufanya, hiyo plastiki inavimba mchana na kunywea usiku, na mlango ni mzito kwa sababu ya vioo viwili. Mimi niliona tu hendeli inakuwa ngumu kila wiki. Nikamleta fundi kutoka Machakos mjini. Aliinama akaangalia ubavu wa mlango, vile vichuma vinavyotoka juu, katikati na chini kama ndimi. Akasimama.

"Mama, hii ni mlango ama ni gari?"

"Wewe ndiye fundi."

"Mimi ni fundi wa kufuli. Hii iko na meno tatu. Wacha nikuwekee komeo moja ya chuma, tusahau hayo mengine."

Nikakataa. Niliogopa atakutobolea mlango wako. Akaenda zake akimwambia mwenye boda boda, akidhani sisikii, "Hawa wazee wanatumiwa vitu, hakuna mtu wa kuvifungua."

Na ndiyo ikawa kweli. Ile asubuhi niliamka nikamkamue ng'ombe, nikashika hendeli, haishuki. Nikavuta. Nikasukuma. Nikaomba. Madirisha yenyewe yanafunguka juu tu, nafasi ya kupita paka, na paka mwenyewe awe hajala. Ng'ombe alikuwa ananiangalia kutoka zizini, naona mdomo unafunguka, analia, na mimi sisikii kitu. Jua likapanda. Nilianza kufikiria vile watanikuta.

Mama Nduku akapita na mtungi. Nikagonga kioo. Nikapunga mikono yote miwili. Yeye akatua mtungi, akapunga mikono yote miwili, akacheka vizuri kabisa, akachukua mtungi akaenda. Hana simu. Ningempigia nani? Nikakuflashi wewe, ukapiga.

Hukunipa nafasi ya kulia. Ukasema, "Mwaitu, kaa chini kwanza. Umekaa? Sasa niambie, hendeli inazunguka bure ama imekwama?"

"Imekwama."

"Vizuri. Ingezunguka bure ingekuwa mbaya. Mlango umeshuka, meno yamebanwa kwa fremu. Hakuna kitu kimevunjika. Uko na mwiko?"

"Mumbua, niko na njaa pia, lakini si wakati wa sima."

"Mwiko, Mwaitu. Ule mkubwa."

Ukaniambia niuingize ubapa wake chini ya mlango, upande wa hendeli, na chini ya mwiko niweke kile kibao cha kukatia mboga, halafu nikanyage mkia. Nikakanyaga. Mlango haukusikia. Nikakanyaga tena, mgongo ukaniuma, nikakuambia haitawezekana, mimi ni mzee, niache.

Halafu ukasema, polepole, "Mwaitu, mshike kwapa."

Mimi nilikuwa nimesahau. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimesahau hayo maneno. Wewe hukusahau, na uko huko mbali kwa baridi na watu wengine. Nikaweka simu sakafuni. Nikakanyaga mwiko kwa mguu, nikashika hendeli kwa mikono miwili, nikainua mlango wote kama mtu ninayemwamsha kitandani. Kitu kikasema ndani, tak. Mlango ukafunguka, na sauti zote zikaingia mara moja, ng'ombe, kuku, redio ya jirani, upepo.

Nilikaa kizingitini. Nikaokota simu, wewe bado uko.

"Umetoka?"

"Nimetoka."

Ndipo nikasikia wewe ndiye unalia. Ukasema, "Mwaitu, kila siku nafungulia mama za watu milango. Wazee wamejifungia, wako peke yao, napanda ngazi na mvua, naingia kwa dirisha, wananipa chai. Kila siku mama za watu." Halafu ukasema umechoka. Halafu ukauliza hilo swali. Na simu ikakatika, sijui ni yako au ni yangu.

Hiyo yote ilikuwa njia ya kufika hapa. Sasa nijibu.

Kwanza, kile kifurushi ulichotuma kilifika. Kile kichuma kilichopinda kama mguu wa panzi. Nilifanya vile ulisema kwa simu: nikatoa vifuniko kwa bawaba, nikaingiza mguu wa panzi kwa tundu la chini, nikazungusha kidogo, nikajaribu mlango, nikazungusha tena. Mama Nduku alikaa kwa kiti akinisimamia kama mwalimu.

"Umezidisha."

"Sijazidisha."

"Mlango umeenda juu kama pua ya mwenye maringo. Rudisha."

Nikarudisha. Ukafunga. Kumbe bawaba ni kitu cha kusikilizwa, si kitu cha nguvu. Nikatia mafuta kwa zile ndimi tatu, nikafuta vumbi. Siku hizi mchana naegemeza jiwe mlango ukae wazi, na hodi zimerudi. Usiku nafunga, na asubuhi nafungua mwenyewe. Juzi mama mmoja wa upande wa Kangundo, mtoto wake naye amemtumia mlango kama huu, alimtuma mtu kuniita. Nilienda na mguu wa panzi kwa kitambaa. Kwa hivyo hata mimi nafungulia mama za watu sasa. Usicheke.

Mwanangu, nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikukujibu. Niliogopa nikisema njoo, utakuja kwa sababu umeona mama yako amefungiwa ndani ya kioo kama maharagwe ya dukani. Na ukishafika hutarudi, na siku moja utaangalia hii milima, uangalie mikono yako, uniangalie mimi. Hayo macho ndiyo naogopa. Na nikisema kaa, ni kama nimekufungia nje mimi mwenyewe, na baba yako yuko pale chini ya mwembe hujamwona. Kila upande nikishika, unaniuma.

Kwa hivyo jibu langu ni hili, na kina mama wakisikia waniambie kama ni bovu. Usije kwa sababu ya mlango. Mlango naweza. Usije kwa sababu ya maneno ya watu, wala kwa sababu ya kaburi, kwa maana kaburi halina haraka. Lakini kama ni wewe umechoka, kama mikono yako imechoka kufungua huko, basi njoo, na usiniulize tena. Mimi pia nimechoka. Watu wawili waliochoka wanaweza kukaa kwa kizingiti kimoja, hawahitaji hata kuongea.

Na ukiamua kukaa, kaa ukijua nimefungua asubuhi. Ukipiga simu, ukisikia kuku nyuma yangu, ujue mlango uko wazi.

Jambo moja tu. Jua limekuwa kali wiki hii, naona mlango umeanza kushuka tena upande wa chini, na nimekataa kuukaza sana, Mama Nduku anasema nitaharibu. Ukifika na ukute nimefunga, usiite hodi, sitasikia. Na usisukume. Ufunguo mwingine nimeweka pale tulipokuwa tukiweka wa jikoni, unapajua. Zungusha, halafu mshike kwapa.

Ni mimi mama yako,
uliyemfungulia.