Gitaa la Tabaka Tano

Mtambile, 8 Machi 1987

Baba,

Nshalifungua gitaa uliloniletea, skrubu zote nne za nyuma ya shingo zipo mezani, na shikamoo ndo kwanza naikumbuka. Shikamoo baba. Mie mzima, namuomba Mungu na wewe huko Maskati uwe mzima, mgongo usikusumbue.

Ulisema gitaa la umeme la Marekani, mti mtupu. Mie kuandika sijui sana ila mbao nnazijua, mwaka wa nne huu niko na fundi Khatib kwenye milango. Nimechungulia ndani ya tundu la skrubu. Ni plaiwudi, baba. Tabaka tano, nyeupe, nyekundu, nyeupe, hivyo hivyo. Lile jina la Kizungu kichwani ni karatasi, nimeligusa kwa ukucha likanyanyuka. Chini ya kibati cha shingo pana muhuri, herufi nimezinakili: KOREA.

Nikalipeleka Chake kwa Mohamedali wa redio. Kacheka: "Marekani gani hii, yakhe, ya biskuti?" Dukani wakacheka wote. Mie nikatizama chini.

Wamekudanganya, baba. Mwendee aliyekuuzia umwambie.

Mwanao,
Matano


Maskati, 20 Aprili 1987

Mwanangu Matano,

Salamu nyingi. Mgongo umetulia, alhamdulillahi. Unapikiwa na nani tangu bibi yako afariki? Usile muhogo mkavu kila siku.

Anidanganye nani? Mie ndo muuzaji hapa! Tajiri hafungui duka bila ya mie. Gitaa hilo nimelichagua kati ya arubaini. Huyo Mohamedali mwambie akae na betri zake. Na wewe fundi wa milango, tangu lini mlango ukaimba? Lete ushahidi tuuone.

Baba yako,
Ngwali


Mtambile, 2 Juni 1987

Baba, shikamoo. Mie mzima. Hupika mwenyewe.

Ushahidi umesema nilete. Nimechonga kijipande pale shingo inapoingilia, hapaonekani. Nimekigandisha hapa chini kwa gundi ya mbao. Hesabu mwenyewe, ni tano.

Mwanao,
Matano


Mtambile, 4 Februari 1988

Baba, shikamoo.

U mzima? Safari hii nauliza kweli, si kwa desturi. Iddi ya kuchinja imepita, vuli imepita, barua sijaiona. Nyumba hii nikikohoa hakuna wa kuniuliza nna nini.

Silima wa Vitongoji, uliyekuwa ukilala nae chumba kimoja, karudi kwa likizo. Sikumuuliza kitu, unanijua. Mwenyewe kasema huko dukani wewe hubeba masanduku. Gitaa lilianguka, tajiri akataka litupwe, ukamuomba siku tatu mpaka akakupa. Na lile jina ulilibandika kwa mkono wako. Kasema barua yangu yenye kijipande uliisoma, ukaikunja, siku ile hukula.

Baba, mie nilidhani nakutetea. Nilidhani kuna mtu huko kakuonea.

Sasa nkwambie. Ile shingo nimeitizama kwa jicho moja, kama tunavyotizama mbao kabla ya kupiga randa. Imenyooka. Masika yalipokaza, milango ya mti mtupu ya fundi Khatib ilivimba, watu wakaja kugomba, "Fundi, mlango haufungi!" Hii plaiwudi yako haikupinda hata kidogo. Nyuzi zilikuwa juu mno, nimeziteremsha mwenyewe. Mohamedali kaliunga kwenye redio likalia hasa. Hakucheka tena. Kasema, "Hebu piga, yakhe." Nikaona haya, nikapiga mara moja nikalifunga kwenye shuka.

Nyumbani hulipiga bila ya umeme. Hulia kidogo, kama mtu yupo chumba cha pili.

Njoo baba. Usitafute cha kuniletea, njoo hivyo hivyo.

Naondoka sasa, gari ya Chake inapita saa nane na nnataka niwahi posta kabla hawajafunga. Ntauliza dirishani kwanza. Ikiwa barua yako imo, hii ntaichana, ntakuandikia nyengine isiyomtaja Silima.

Mwanao,
Matano