Uso wa Okisai

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, na wachoraji wote niliowakuta Malaba nikianza kazi. Sasa wameleta mashine ya kuchapa mabango. Hiyo nayo nitaizika.

Leo nimemaliza ng'ombe wa buchari. Ng'ombe wangu anakuangalia hata ukihama upande. Hakuna mwingine anaweza hiyo, hapa wala ng'ambo Uganda. Kesho maua kwa mlango wa treila, dereva bado amekwama kwa foleni. Redio imecheza rumba mchana wote. Mkono ukisikia rumba, mstari unanyooka wenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mama Amoit amekuja, mjane wa Okisai. Okisai alipiga akogo, kale kasanduku ka vyuma ka kupigwa na vidole gumba. Hapakuwa na mwingine kama yeye kutoka Amukura hadi Tororo. Alituacha mwaka jana. Ukumbusho ni Jumamosi ya wiki ijayo na hakuna picha, zote ziliungua na nyumba. Mama anataka uso wake kwa plaiwudi, uwekwe mbele ya watu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nimepiga muziki na Okisai miaka thelathini. Nani anamjua kunishinda?

Ijumaa, 7 Machi
Uso umeisha. Nimevaa shati safi nikapeleka. Mama ameangalia sana. Akasema, "Mzee, huyu ni mheshimiwa anaomba kura. Na yangu hapati."

Wajukuu wamecheka. Nimerudi bila kunywa chai.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepaka nyeupe, nikaanza upya. Nilienda soko la Amukura kuangalia wazee. Nikaiba pua ya mmoja, mdomo wa mwingine. Mama amesema sasa huyo ni mjomba wa mtu, lakini si mume wake.

Emuria, kijana wake mkubwa, ameongea nami kwa upole. Hiyo imeniuma zaidi. Amesema nisijisumbue, Ijumaa atachapisha bango lenye mshumaa na msalaba.

Okisai awe mshumaa. Hapana.

Jumatano, 12 Machi
Sijachora. Redio nimezima. Nimetoa akogo yangu kubwa, ile ya besi. Sijaigusa tangu mazishi. Nimepiga, nikafunga macho nimtafute.

Nikamwona kabisa. Shingo. Sikio la kushoto, lile lililokatika kidogo. Kofia imerudi nyuma. Bega linapanda kabla wimbo haujaanza.

Mwenye besi hukaa nyuma. Miaka yote hiyo nilikaa nyuma yake nikifuata bega. Uso nilikuwa nauona tukila tu, na tukila mimi naangalia nyama.

Nimelia. Kidogo.

Alhamisi, 13 Machi
Nimechora mgongo wake. Asubuhi moja. Sijafuta hata mstari.

Emuria amekuja, amezunguka plaiwudi kama uso uko upande wa pili. Akauliza watu watasalimia nini. Nimemwambia achapishe mshumaa wake, mimi naleta hii. Sikuwa naomba ruhusa.

Jumamosi, 15 Machi
Vyote viwili vimewekwa mbele, mshumaa na mgongo. Watu wameguna. Mmoja nyuma amesema mzee ameishiwa rangi ya uso. Katekista amekohoa. Mimi nimekumbatia akogo yangu ya besi.

Mama Amoit ameinuka na kiti chake, polepole. Amekiweka karibu na plaiwudi, upande wa sikio lililokatika. Amekaa. Ameshika lile bega nililochora. Halafu akasema, kwa ile sauti ya nyumbani, "Geuka basi, Baba Emuria. Wageni wamefika."

Hakuna aliyecheka. Emuria amekunja bango la mshumaa, akaliweka chini ya meza. Nikapiga besi, peke yangu, nikiangalia bega.

Jumapili, 16 Machi
Mvua tangu asubuhi. Sina kazi leo, na sitaki. Mama ametuma habari kwamba picha iko ukutani, ndani, mahali hapavuji.

Ndiyo kazi yangu bora, na nimefanya nyingi bora. Mama Amoit aliona. Emuria aliona. Katekista pia alikuwepo, na yeye hanipendi, kwa hivyo hana sababu ya kunipamba. Aulizwe.