Mahari ya Pikapu

Katubuka,
Kigoma.
16 Novemba 1997

Mpendwa mwanangu Ndizeye,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka huku ziwani. Natumaini joto la Mtwara halijakushinda, na kwamba mkeo Aurore amepona homa ile uliyotuandikia mwezi wa nane. Watoto nao, je? Ishimwe ameanza kusoma, au bado anashika kitabu juu chini? Sisi hapa tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mvua za vuli zimewahi na mahindi yanapendeza. Mama yako mdogo Capitoline ni mzima kabisa, anakusalimu sana, na leo asubuhi amenikaripia mara mbili kabla ya chai. Kwa hiyo nyumba ni salama.

Mimi mwenyewe si mzima. Nitalieleza hilo mahali pake, lakini nimeona nilitaje mapema usije ukasoma barua yote ukidhani ni habari za furaha tu, ingawa furaha imo, tena kubwa kuliko nilivyostahili.

Mji wetu umebadilika tangu ulipoondoka. Watu wanaendelea kuvuka kutoka Burundi na Kongo, na malori ya misaada yanapita kutwa kutoka gatini kwenda makambini. Capitoline bado huenda gatini kila wiki kutazama nyuso za wanaoshuka. Mwaka 1972 yeye mwenyewe alishuka hapo hapo na kitambaa cha kichwa na ufunguo wa nyumba ambayo hakuiona tena. Ghala langu la Mwandiga niliwapangisha watu wa misaada, nao wamenilipa vizuri kwa miaka mitatu. Nimekula fedha iliyokuja kwa sababu watu walikimbia, na nimeoa mmoja wa waliokimbia. Sijajua bado nilifikirie vipi jambo hilo. Nililojua ni kwamba fedha hiyo, pamoja na kiinua mgongo changu cha ualimu, lazima imfae yeye.

Mwezi wa saba daktari aliniambia kwamba moyo wangu umevimba, na kwamba nisipange mambo ya kupita masika. Alisema kwa upole, akanishika bega. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikamwambia Capitoline kwamba ni shinikizo la damu na nimekatazwa chumvi. Amenipikia bila chumvi tangu siku hiyo. Amekula naye bila chumvi ili nisijione peke yangu.

Basi nilikaa nikiwaza nimwachie nini. Unawajua watu wa ukoo wetu, mwanangu. Nyumba imejengwa juu ya ardhi ya babu. Michikichi ilipandwa na babu. Hatuna mtoto ila wewe, mwana wa kaka yangu. Siku arobaini za msiba hazitaisha kabla mtu hajasimama na kusema kwamba huyu mama wa Burundi alikuja mikono mitupu na aondoke hivyo hivyo. Nilipomwuliza kwa mzaha angependa nini akiwa tajiri, alijibu bila kufikiri, “Nyumba nilishaacha moja. Nipe kitu kinachotembea.” Hapo nikaona. Gari halina babu aliyelifyekea msitu. Kwa gari angechukua mawese Mwandiga na dagaa Ujiji, akaishi kwa jasho lake, na kadi ya gari ingekuwa na jina lake.

Yupo kijana hapa anaitwa Gervasi, Muha wa Kasulu, wakala wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayouza magari mapya. Magari yake huja kwa treni. Siku ile pikapu ya buluu ilipowasili ilikuwa imefungwa juu ya behewa la wazi, na vumbi la nchi nzima toka pwani mpaka Kigoma limelala juu yake kama unga. Walipolifuta, watu wote stesheni walisogea karibu. Mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini, lakini niliposimama mbele ya kitu kile kisichowahi kuguswa na mtu wa kwetu, viti vyake bado vimevaa nailoni, nilivua kofia kama niko kanisani. Capitoline aliinusa milango. Alisema inanuka kama kesho.

Bei yake, Gervasi alisema, haina mazungumzo ya sokoni, imeandikwa Dar. Ukilipa taslimu unalipa yote siku moja na kadi unapewa. Au unalipa nusu, kisha kidogo kidogo kwa miaka miwili. Jumla inakuwa kubwa zaidi, kadi inabaki kwa kampuni, na mlipaji akifa katikati bila mdhamini, gari linarudi lilikotoka. Yeye alituvuta sana upande huo wa kidogo kidogo, kwa sababu huko ndiko kampuni inakomlipa zaidi. Mimi nilihitaji taslimu, na fedha yangu ilipungukiwa kama sehemu moja ya kumi ya bei. Bila punguzo nisingeweza.

Hapa nakuungamia jambo la kwanza. Nilikusudia kukuandikia wewe uwe mdhamini wangu kwa huo mpango wa kidogo kidogo, na nilikusudia kukuficha maradhi. Ungetia sahihi kwa kunipenda, na masika yangekukuta na deni la marehemu. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Sikuandika, lakini niliwaza kwa siku nyingi, na hilo nalo ni kitu. Unisamehe.

Capitoline ndiye aliyesema tusiende kuomba punguzo kama watu wa sokoni. Kwao na kwetu Buha, mwenye haja kubwa hajisemei mwenyewe. Huenda na msemaji na pombe, hukaa kimya, akasemewa. Gervasi ni Muha, akasema; ukimjia kwa heshima ya posa hawezi kukufukuza kama mnunuzi. Tukamchukua rafiki yangu Selestini, katekista mstaafu, ambaye ameposa nusu ya mabinti walioolewa toka Katubuka hadi Kasingirima. Nilimwonya jambo moja tu: usikubali kidogo kidogo. Aliniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba sipendi madeni. Ona jinsi siri inavyofanya kazi.

Tulimkuta Gervasi uani kwake karibu na stesheni, pamoja na fundi wake Meshack. Selestini aliweka kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi, chini, akakohoa, akaanza.

“Bwana mkubwa, tumepita njia tukaona hapa pana binti. Mrefu, ana macho mawili yanayong'aa, na mgongo wa kubebea mizigo. Kijana wetu huyu hapa hajalala.”

Gervasi alitutazama mmoja mmoja. Kisha akavuta stuli, akakaa kama baba mkwe, na sauti yake ikabadilika kabisa.

“Kijana wenu ni huyu mwenye mvi?”

“Mvi ni za kichwani tu.”

“Binti yangu anakunywa sana. Dizeli. Mtamweza?”

“Tumeshaishi na walevi wengi, hata mimi wananijua. Tabia yake je? Hajawahi kulala nje?”

“Ametoka behewani akaja hapa. Mwulizeni Meshack.”

“Hajalala nje, wazee,” Meshack alisema, “ila akiamshwa asubuhi ananguruma.”

Tulicheka, na pombe ikamiminwa. Mwanangu, kwa kitambo kile nilisahau daktari. Nilishangaa kwamba chuma kilichoundwa ng'ambo ya bahari kinaweza kuombwa kwa maneno ambayo baba yangu aliombea mama yangu.

Selestini alizidi kupanda katika usemi wake. Alisifu ukoo wa Gervasi, alisifu Kasulu, akataja unyonge wetu, akafika mahali pa mahari. Na hapo ulimi ukamchukua kwenye njia ulioizoea. Wewe unajua kwetu mahari haimalizwi. Anayelipa yote ni kama anayenunua mbuzi. Muungwana huacha kitu nyuma ili undugu uendelee kudaiana. Amelisema hilo katika posa zake zote. Akalisema na siku ile, kwa sauti nzuri sana, “Tutatoa hiki leo, na kingine kitabaki, kwa kuwa mkwe si mtu wa kumalizana naye.”

Gervasi aliruka. “Nimesikia na nimekubali. Nusu leo, mengine kidogo kidogo.” Akainua kikombe, akanywa, akampa Selestini, naye akanywa kabla hajatambua alichofanya. Nilimwona akitambua. Uso wake ulianguka kama paa la nyasi lenye mvua.

Kwetu pombe ikishanywewa neno limefungwa. Na mwoaji haruhusiwi kusema. Nilikuwa na njia mbili: kunyamaza nikamwachia mke wangu gari litakalochukuliwa mlangoni siku ya kilio changu, au kufungua kinywa. Nikasimama.

“Gervasi, mwanangu,” nikasema, “mahari hii lazima iishe leo. Sina miaka miwili. Sina hata masika. Moyo wangu unakufa. Mke wangu hajui, ndiyo kwanza anasikia sasa.”

Hilo ndilo ungamo la pili, na nililifanya mbele ya fundi na pikapu.

Sikuthubutu kumtazama Capitoline. Niliangalia magurudumu. Treni ya mizigo ilikuwa ikipanga mabehewa nyuma ya ukuta, ikagonga, ikanyamaza. Kisha nikasikia ameweka kikombe chake chini, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

“Haya, Gervasi,” akasema. “Umesikia. Sasa bei ya mjane ni ngapi?”

Ndizeye, nimesoma vitabu vingi, nimesikiliza maaskofu. Sijawahi kusikia neno lililonitetemesha kama lile. Mwanamke aliyeambiwa sasa hivi kwamba atabaki peke yake mara ya pili, akaendelea pale pale tulipoachia, kwa sababu alielewa mara moja nilichokuwa nikijaribu kufanya na hakutaka kiharibike kwa machozi.

Gervasi alifunika mdomo. Baadaye alisema, “Mama, bei siwezi kuigusa. Si yangu.” Akakaa tena. “Lakini baba wa binti akipokea mahari, kwetu hurudisha kitu, ili nyumba mpya isianze bila chochote. Leo hapa baba wa binti ni mimi. Kampuni ikipokea taslimu inanipa fungu langu. Fungu hilo nawarudishia kabla sijalipokea.”

Meshack akauliza bosi wake atakula nini mwezi huu. Gervasi akamwambia anyamaze.

Fungu lile lilijaza sehemu kubwa ya upungufu, si yote. Nilidhani tumefika mwisho. Capitoline alikuwa ameshaingia ndani ya pikapu, anagusa kila kitu kwa kidole.

“Hiki ni nini?”

“Redio, mama.”

“Ing'oe. Punguza bei ya redio.”

“Gari jipya halitoki bila redio, mama. Watu watacheka.”

“Nyimbo nitaimba mwenyewe. Na turubai unaniwekea, na jeki. Usinitazame hivyo, mkwe, mimi ndiye ninayeoa hapa, mutama huyu ananisindikiza tu.”

Mutama ni mzee kwa Kirundi, na ndivyo anavyoniita. Gervasi aliing'oa redio kwa mikono yake, akaihesabu kama amejiuzia mwenyewe, na mahesabu yakafika. Mahali pake pamebaki tundu la mraba. Capitoline anaweka humo tasbihi na bisibisi.

Kadi imeandikwa jina lake. Nililisoma kwa sauti mara nyingi, Gervasi akinivumilia. Meshack alitupeleka nyumbani kwa njia ya Ujiji ili tuone ziwa. Njia nzima Capitoline hakusema nami hata neno. Alisema na Meshack tu. “Pole pole kwenye mashimo,” alimwambia, “umebeba mgonjwa.” Nilipolisikia hilo nikajua nimesamehewa, ingawa alininunia siku nne zaidi ili nisije nikadhani ni rahisi. Chakula changu bado hakina chumvi.

Sasa anafundishwa kuendesha kwenye uwanja wa mpira, ana miaka hamsini na minane. Siku nyingine mimi hukaa kando nimejifunika blanketi, nikamtazama akizunguka magoli, mgongo umenyooka, wavulana wanampisha. Sijui nimwite nani mtu yule. Nimelala naye kitanda kimoja kwa miaka ishirini na mmoja na ndiyo kwanza namwona. Namwogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa ziwa ambalo ameoga humo maisha yake yote.

Nina ombi moja, na ndiyo sababu ya barua hii. Nikiondoka, wewe ndiwe mwanamume mkubwa wa nyumba yetu, nawe ndiwe utakayeulizwa. Watakuja na maneno mazuri. Watasema mali ya ndugu yao irudi ukoo. Ardhi wagawane wapendavyo, hilo siligombanii. Lakini wakiuliza gari la Bonaventura liko wapi, simama mbele yao uwajibu kweli tupu: Bonaventura hakuwahi kuwa na gari.

Nisalimie Aurore, umwambie Capitoline anamtumia kanga kwa mtu ajaye. Mbusu Ishimwe na mdogo wake Harerimana ambaye sijamwona bado. Dada yangu Veneranda wa Masasi mpelekee salamu, na habari za moyo wangu umpe taratibu, akiwa ameketi. Selestini anakusalimu, anaomba usimsimulie mtu habari ya kikombe kile.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe uzee wenye mtu wa kukukaripia asubuhi.

Wako akupendaye, sasa na nitakapokuwa kimya,

Baba yako mdogo,
Bonaventura